Picha Aliyoiongoza kwa Mgongo

Kabla Anania hajawa mlevi wa kwenye shuka, alikuwa kijana mpole kupita kiasi, wa aina ile ambayo kuku wakimwingilia ndani huwaomba radhi kwanza ndipo awafukuze. Nesta alimpendea hilo hilo. Alikuwa Mnamwanga wa upande wa Tunduma, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Alilima ulezi kama baba yake na aliimba sauti ya chini kanisani. Pombe hakuigusa, kwa kuwa harufu yake tu ilimpa kichefuchefu. Neno hilo la pombe ulikumbuke, msomaji, maana watu wa kwao walilisahau upesi mno.

Walioana miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia. Kama desturi ilivyotaka, tangu siku ya posa Anania na mama mkwe wake, Mama Ketrina, hawakutazamana usoni. Wakikutana njiani, mkwe alijitupa kwenye majani na mama alijifunika kitambaa mpaka mwenzake apite. Jina la mkwe mama hakulitaja. Likiwapo neno la kumpa, lilipita kwa Nesta. Desturi hiyo lakini ilikuwa na mwisho wake. Mama mkwe akisharidhika na mume wa binti yake, humwandalia chakula na kumwita aingie ndani mwake. Mkwe akila chakula kile amekuwa mwana, na tangu hapo wanasalimiana na kutazamana kama watu wa nyumba moja. Huko ndiko kumwingiza mkwe. Wengine huingizwa mapema, wengine hungoja kidogo, na siku huchaguliwa na mama peke yake.

Nesta aliisubiri siku hiyo kama wenzake walivyosubiri mvua. Aliwapenda wote wawili, na alichoka kuwa daraja la watu ambao hata kivuli cha mmoja kilimkimbia mwenzake.

Ndipo akaja Mzungu aliyeitwa Bwana Picha. Jina lake la kwao lilikuwa refu na halikumfaa mtu. Alikuja na gari la serikali, mashine ya kupiga picha zinazotembea, na nia ya kuwaonyesha watu ubaya wa kupikia pombe ulezi wote wa ghalani na kuwaacha watoto na njaa. Alitaka mtu wa kuigiza huyo baba mlevi. Wanaume waliojitokeza, kila mashine ilipoanza kulia, walisimama wima kama askari na kutazama mbele. Anania alikuwa amepita tu kuuza kuni. Akacheka, akasema mlevi hatembei hivyo, na Bwana akamwambia aonyeshe.

Akaonyesha. Alikuwa na mjomba, marehemu sasa, ambaye Anania alipokuwa mdogo alimtoa vilabuni mara nyingi na kumrudisha nyumbani, mkono wa mjomba begani mwake. Alijua mlevi anavyoitafuta ardhi kwa mguu kabla ya kukanyaga, na anavyokasirikia mlango kwa kuwa umefungwa. Vyote hivyo alivitoa mwilini mwake mbele ya mashine. Kibuyu chake kilikuwa na uji mwepesi wa ulezi uliopoa. Alianguka matopeni akainuka, akamkimbiza kwa fimbo mwanamke aliyeigiza mke wake, akalala mlangoni mwa ghala tupu na mdomo wazi. Bwana Picha alipiga makofi. Nesta, aliyekuwa ukingoni na wanawake wengine, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akajikuta anafuta machozi, kwa sababu yeye naye alimjua mjomba yule.

Picha ilirudi baada ya mavuno. Shuka kubwa jeupe lilitundikwa kwenye miti miwili uwanjani pa soko, na giza lilipoanza kuingia watu walikuwa wamejaa, na wengine walivuka mpaka makusudi. Mama Ketrina aliketi mbele kabisa na wanawake wa rika lake. Mwanga ukapiga shuka, na uso wa Anania ukatokea, mpana kama mlango wa ghala, ukimtazama mama mkwe wake ana kwa ana.

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, si Bwana, si Anania, si Nesta. Mama Ketrina alijifunika kitambaa na kugeuka. Dada wa ukoo waliokuwa naye, ambao kwa hesabu ya undugu wote walikuwa mama wakwe wa Anania, nao wakageuka. Safu nzima ya mbele ikawa imeipa picha mgongo na kuwatazama watazamaji, na watazamaji wakawa hawajui wacheke lipi.

Sasa, mtu aliyelipa jambo mgongo hulitamani zaidi. "Anafanya nini?" Mama Ketrina akauliza chini ya kitambaa.

Pembeni yake aliketi jirani yake, Fides. Huyu hakuwa na undugu na yeyote pale, na mdomo wake ulikuwa haujui likizo.

"Anakunywa," Fides akasema.

"Anakunywa nini?"

"Mtu anakunywa nini kwenye kibuyu, mama? Amelewa. Anaanguka. Ameanguka. Sasa ameokota fimbo." Akasogea karibu na kitambaa. "Anampiga mke wake."

Asubuhi, kabla umande haujakauka, Mama Ketrina alikuwa uani kwa Nesta, na Anania akatorokea dirishani kama mwizi ili asionwe. Mama alimkalisha binti yake juani, akamfunua mabega, akamgeuza mgongo, akamtazama mikono mmoja baada ya mwingine.

"Mama, ni maigizo," Nesta akasema. "Kibuyu kile ni uji. Na yule mke si mimi."

"Ana mke mwingine?"

"Wa kwenye picha, mama."

"Mwanangu, mtu haigi asichokijua. Watu wamecheka kwa sababu wamemjua mlevi. Mimi mwenyewe nimesikia walivyocheka."

Nesta alieleza habari za mjomba, za mashine, za Bwana, na kila alipoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kunuka pombe. Kusikia si kuona, lakini mtu asiyeruhusiwa kuona atafanyaje? Mzee mmoja wa kanisa naye alipita siku hiyo kunusa pumzi ya Anania kwa hila, akijifanya anamnong'oneza habari za kwaya. Mama Ketrina hakumchukua binti yake, kwa kuwa hakukuta alama. Lakini chakula cha kumwingiza mkwe hakukitaja tena, na Nesta akajua mlango umefungwa.

Hapo Anania angeacha picha, mambo yangepoa. Nesta alimwomba aache, naye akakubali, na Bwana aliporudi mwaka uliofuata akaenda kumwambia hapana. Akarudi nyumbani amekwisha kubali kuwa mwizi wa ng'ombe.

"Ni huruma," akajitetea. "Amekuja kutoka mbali."

Lakini Nesta hakuwa mtoto. Alikuwa amemwona usoni mashine inapolia. Mtu huyu mpole alikuwa na watu wengi ndani yake waliotaka kutoka, na hakukuwa na mlango mwingine. Kumzuia kungekuwa kumziba pumzi, na yeye alimpenda akiwa mzima. Akaukaza moyo, akaenda naye.

Kwa hiyo Anania akaiba ng'ombe. Akakataa kuchimba choo, akafa kwa kuhara, na wiki ile ile akaonekana kanisani anaimba. Akawa mganga tapeli na mume aliyemficha mtoto wake wasimchanje. Nafasi ya mtu mwema Bwana hakumpa hata siku moja, kwa sababu watu wema walipatikana popote, lakini mbaya mwenye kupendeza alikuwa mmoja tu. Kila picha ilipoonyeshwa, Mama Ketrina na dada zake walikuja, wakaketi na kuipa mgongo, na Fides akawasimulia. Ungeuliza kwa nini walikuja. Walikuja kwa sababu wote walikwenda. Vita vikaja vikapita, watoto wa Nesta, Jairo na wadogo zake, wakaanza kuota ndevu, na mkwe wa watu bado alikuwa anajitupa majanini. Wakwe waliooa nyuma yake kabisa walikwisha kuingizwa na kusahau waliwahi kuwa nje.

Mabadiliko yalianza kidogo kidogo. Bwana alikuwa anazeeka na Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai. Anania alianza kwa kumtafsiria, akaendelea kwa kuwapanga watu, na mwisho yeye ndiye aliyewaambia wasimame wapi na wafikirie nini, Bwana akibaki na mashine, kazi aliyoipenda zaidi. Mtu aliyeshindwa kulia Anania hakumwambia lia. Alimuuliza habari za mifugo yake iliyokufa. Siku moja Bwana akamwambia, mbele ya Nesta, kwamba serikali inataka picha ya wanawake wanaotengeneza chumvi Ivuna. "Hii utaongoza wewe," akasema. "Mimi nitashika mashine tu. Uso wako safari hii siuhitaji."

Nesta alikuwa anapepeta ulezi. Ungo ukasimama mkononi mwake. Picha isiyo na uso wa Anania, mama yake angeweza kuitazama.

Na Ivuna ndiko mama yake alikozaliwa. Aliolewa akatoka huko binti mbichi, na dada yake mkubwa, Tabita, akabaki na chumvi.

Nesta akafuatana nao kwenda kumsalimia mama yake mkubwa. Gari likateremka mpaka bonde la Rukwa, kwenye joto na vumbi jeupe. Wanawake walikuwa kazini. Walikwangua udongo wenye chumvi, wakaujaza kwenye vyungu vilivyotobolewa chini na kutandikwa majani, wakamimina maji yakapenya na kudondoka kwenye chungu kingine, na maji hayo wakayachemsha siku kutwa mpaka chumvi ikabaki peke yake. Kiongozi wao alikuwa Tabita, mkavu, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha. Bwana alipomwona akasema ni huyo huyo.

Anania alikuwa amekwisha kujificha nyuma ya gari.

"Siwezi," akasema. "Huyo ni mama mkwe."

Bwana, aliyekuwa amekaa nchini miaka yote hiyo, alielewa, akasema basi achague mwingine, lakini aliyefaa alikuwa Tabita tu. Pale hapakuwa na mtu wa nyumbani. Hapakuwa na Fides. Tunduma ilikuwa mbali, na mtu angeweza kutazama kidogo tu, kwa ajili ya kazi, na habari zisifike. Nesta mwenyewe, na hili lilimwaibisha baadaye, alimwambia, "Tazama tu, Baba Jairo. Nani atajua?"

Anania alifikiri. Kisha akavua koti, akajifunika kichwani, akatoka nyuma ya gari kinyumenyume, akaja kusimama kando ya mashine akiwa amewapa mgongo wanawake wote, uso kaskazini kwenye vichaka.

"Mama Jairo," akasema kwenye vichaka, "mwambie mama tunaomba aanze na udongo. Asiharakishe."

Nesta akamfikishia. Tabita alimtazama yule mwanamume mwenye koti kichwani, akakaza midomo, akaanza kukwangua. Na hivyo ndivyo picha ilivyoongozwa. Anania aliinamisha kichwa na kusikiliza. Jembe likikwangua mahali pagumu, alijua mgongo wa mwanamke umeinama kiasi gani, akamwambia Bwana asogee. Matone yalipoanza kuanguka chunguni aliyasikia kabla ya wengine wote. "Mwambie asiitazame mashine," akasema. "Mwambie aimbe ule aliokuwa anauimba tulipofika." Bwana alizungusha mashine bila kuuliza, na jasho likamtiririka Anania ndani ya lile koti kama yeye ndiye aliyechemshwa.

Wakafika kwenye chumvi yenyewe. Tabita aliinua chungu, akamimina chumvi nyeupe juu ya majani, akainua macho. Mbele yake amesimama mkwe wake, mtu mzima mwenye mvi, koti kichwani, akiamrisha vichaka kwa heshima zote. Akashindwa. Kicheko kilimtoka tumboni, mkono ukapanda mdomoni na kushuka tena, akacheka wazi kama msichana. Bwana akaachia mkono kutaka kusimamisha, kwa kuwa serikali haikuomba kicheko.

"Endelea, Bwana," Anania akasema bila kugeuka. "Usisimame. Ndiyo hiyo."

Filamu ikapelekwa Ulaya kusafishwa, nako hawana haraka. Mvua zikanyesha. Katikati ya mvua mchukuzi mmoja wa chumvi akafika Tunduma na habari kwamba Tabita amefariki na amezikwa. Mto Momba ulikuwa umefurika na hakuna aliyeweza kuvuka kwenda. Mama Ketrina alimlilia chumbani mwake, mbali na kaburi, na kilio cha namna hiyo hakiishi.

Kiangazi picha ikarudi, na Anania akaogopa kwelikweli. Hakuwa ameiona. Lakini alijua ndani yake yumo marehemu, anatembea, anacheka. Watu wangemwambia mama mkwe kwamba amemfungia dada yake ndani ya mashine. Kwa mtu ambaye tayari alikuwa mlevi, mwizi na mganga tapeli, hilo lingetosha kumfungia mlango wa nyumba ile mpaka kufa.

"Nitamwambia Bwana aikate pale," akasema.

"Usiikate," Nesta akajibu. "Nitakwenda kusema naye mimi."

Alimkuta mama yake anasaga. Akamwambia moja kwa moja, Mama Mkubwa yumo kwenye picha ya leo. Ukitaka usije, usije. Mama Ketrina hakusimamisha jiwe. Alisaga mpaka ulezi ukaisha, akakusanya unga, ndipo akauliza, "Na huyo wa kwako yumo?"

"Hayumo, mama. Yeye ndiye aliyeiongoza."

Alikuja. Aliketi mbele na dada zake wa ukoo na, kwa mara ya kwanza katika umri wake, alilitazama shuka. Likaja bonde jeupe alilocheza utotoni. Wakaja wanawake, vyungu, moshi. Alitaja majina ya watu kwa sauti ya chini. Kisha akaja Tabita, ameinama, anakwangua bila haraka, mdomo unaimba wimbo usiosikika. Mama Ketrina akapiga magoti pale pale mbele ya shuka, akapiga makofi mawili mawili kama mdogo anavyomsalimia mkubwa wake, na wanawake wa safu yake wakapiga magoti wakapiga makofi naye. Fides mwenyewe alinyamaza, na hilo watu walilizungumza muda mrefu.

Tabita akainua macho akacheka.

"Anamcheka nani?" Mama Ketrina akauliza.

Nesta alikuwa nyuma yake. Akamweleza, na safari hii maneno yalimjia bila kujikwaa. Akamweleza koti, vichaka, na jinsi alivyoagiza Mama Mkubwa asiitazame mashine. Hata shauri lake baya la kwamba nani atajua hakulificha. "Hakugeuka, mama. Tangu asubuhi mpaka jua linatua. Picha yote hii aliisikia tu."

"Na sasa yuko wapi?"

Nesta akatazama kule mashine ilikokuwa inaunguruma. Anania aliketi chini kando ya gari, mgongo kwenye shuka, kichwa kimeinama, anasikiliza makofi. Uso wa Tabita ulikuwa bado uso wa mama mkwe, awe hai au amekufa, na yeye hakutaka kuutazama bila ruhusa. Mama Ketrina aliuangalia ule mgongo kwa muda, kisha akarudisha macho kwa dada yake mpaka mwanga ukazimika.

Siku ya tatu yake akachinja jogoo. Alisonga ugali wa ulezi, akafagia uani, akamtuma mjukuu wake Jairo amwambie baba yake aje ale. Anania alifika amevaa shati la kanisani. Alisimama mlangoni kwa kitambo, mzee mwenye wana wakubwa, anakagua vifungo kama bwana harusi. Nesta akamsukuma kidogo mgongoni. Akaingia, akaketi kwenye mkeka, akala akiwa ameinamisha macho, maana shingo ilikwisha kuzoea.

Alipomaliza, Mama Ketrina alimnawisha mikono. "Anania," akamwita. Hakuna aliyewahi kumsikia akilitamka jina hilo. "Nitazame, mwanangu."

Akamtazama. Alikuta uso mdogo wenye makunyanzi, macho yamejaa machozi, na yeye ya kwake yakamshinda. Walilia wote wawili bila haya, na Nesta pale kati hakuwa na ujumbe wa kubeba kwa yeyote. Alifurahi hata hakujua mikono aiweke wapi.

"Mama," Anania akasema mwishowe, "gari limekwisha kuondoka na ile picha. Imekwenda Mbeya, na huko wataipeleka mbele, sijui kama itarudi. Mimi sikuiona. Alipocheka, alikuwaje?"

Mama Ketrina alijifuta uso kwa upande wa kitambaa, akasogea karibu, akaanza kumsimulia tangu kwenye udongo.